Herbert Chapman: Mjenzi wa timu aliyejua bei ya kila mchezaji

Ligi zikifungwa, mashabiki ndio tunafungua midomo. Hapa Kobero, wakati malori yamepanga foleni yakisubiri karatasi za forodha, kila mwenye benchi la kukalia anageuka kocha. Huyu auzwe, yule anunuliwe, namba tisa amezeeka, beki wa kulia hana mbio. Msimu huu mimi sikupata nafasi ya kucheka nao, maana kazi hiyo imeniangukia kwelikweli. Timu yetu ya mtaa, yenye vijana waliorudi kutoka kambi za Tanzania na wenzao ambao hawakuondoka nchini, ilinitaka mimi katibu wake nipeleke kabla ya Jumapili orodha ya watakaobaki na watakaoachwa.

Kelele kubwa ni juu ya kipa wetu. Mechi ya mwisho mpira mwepesi ulimponyoka mikononi tukakosa kombe. Tangu siku hiyo wapo wanaomwita kwa majina ya kambini, kana kwamba mpira ulimponyoka kwa sababu alirudi na lori la wakimbizi. Hilo liliniuma, maana na mimi nilirudi na lori kama lile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla sijashika kalamu nilimkumbuka mtu mmoja niliyemsikia kwanza nikiwa Lukole, wilayani Ngara, kwa mwalimu wetu aliyependa kandanda kuliko chakula. Mtu huyo ni Herbert Chapman, Mwingereza aliyefariki mwaka 1934. Wengi wetu tunaoshabikia Arsenal tunamjua Thierry Henry na Kanu, lakini aliyeijenga nyumba waliyokuja kuishi hao ni huyu mzee.

Alizaliwa Januari 19, 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, karibu na mji wa Sheffield. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Kijana alisoma uhandisi wa migodi, akawa anacheza mpira huku na huku, leo timu hii, kesho ile, bila kung'ara popote. Alipokuwa Tottenham alijulikana zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya manjano kuliko kwa mabao. Ukimtazama wakati huo usingedhani kuna kitu.

Mwaka 1907 akapewa timu ndogo ya Northampton Town, aicheze na kuifundisha. Timu ilikuwa mkiani. Miaka miwili baadaye ilikuwa bingwa wa Ligi ya Kusini. Na huko ndiko alikofanya jambo ambalo mimi naliweka juu ya makombe yake mengi. Palikuwa na mchezaji mweusi aitwaye Walter Tull, yatima ambaye baba yake alitoka Barbados. Tull alikuwa Tottenham, na mwaka 1909 katika mechi mjini Bristol watazamaji walimtukana vibaya kwa ajili ya rangi yake. Baada ya hapo nafasi yake katika kikosi cha kwanza ilipungua, akatupwa timu ya akiba. Mwaka 1911 Chapman akamchukua. Wengine waliona mchezaji anayezomewa, yeye akaona mchezaji. Tull aliichezea Northampton mechi zaidi ya 100, kisha akaenda vitani, akapandishwa cheo kuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, akauawa Ufaransa Machi 1918.

Chapman naye alikuwa na miaka yake ya uhamishoni. Mwaka 1912 alihamia Leeds City. Vita Kuu ilipopamba moto akaenda kusimamia kiwanda cha mabomu, timu akawaachia wengine. Vita ilipokwisha ikadaiwa kwamba klabu iliwalipa wachezaji fedha kinyume cha sheria. Viongozi wakakataa kutoa vitabu vya hesabu. Oktoba 1919 klabu ikafukuzwa ligini, na wachezaji wake wakapigwa mnada hotelini, pamoja na nyavu na jezi, kama mali iliyokamatwa forodhani. Chapman akafungiwa. Wakati huo alikuwa ameshaacha kazi Leeds na anafanya kazi kiwandani katika mji mdogo wa Selby, na huko nako mwishoni mwa mwaka 1920 akapoteza kazi.

Sisi tuliorudi tunaijua hali hiyo. Una ujuzi wako kichwani, lakini jina lako lina doa na mlango umefungwa. Aliyemfungulia Chapman ni klabu ya Huddersfield Town. Ilimsimamia katika rufaa, ikaeleza kwamba malipo hayo yalipofanyika yeye alikuwa kiwandani, na adhabu ikaondolewa. Mwaka 1921 akarudi katika soka akiwa na umri wa miaka 43.

Huddersfield ilikuwa timu changa katika mji uliopenda zaidi raga. Akamnunua Clem Stephenson kutoka Aston Villa, mchezaji ambaye wengi walimwona amekwisha, akamfanya ubongo wa timu. Pembeni yake akakuza vijana. Mwaka 1922 walitwaa Kombe la FA, na mwaka 1924 na 1925 wakawa mabingwa wa Uingereza. Mwaka 1926 wakachukua ubingwa wa tatu mfululizo, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Mzee ukijenga nyumba imara, inasimama hata ukihama.

Alikokwenda ni Arsenal. Msimu wa 1924/25 Arsenal ilimaliza nafasi ya 20 kati ya timu 22, ikaponea chupuchupu kushuka daraja. Mwenyekiti wake, Henry Norris, alitangaza nafasi ya kazi gazetini akionya kwamba anayetegemea kununua wachezaji kwa bei kubwa asijisumbue kuomba. Chapman aliomba, akapata, kisha akaanza kununua. Aliwaambia mapema kwamba itachukua miaka mitano kushinda kitu. Wasikilizaji wangu wa kijiweni, ambao wanataka kocha afukuzwe baada ya mechi tatu, hapo huwa wanaguna.

Sasa wafanyabiashara wenzangu mtege masikio. Mchezaji wa kwanza mkubwa aliyemtaka alikuwa Charles Buchan wa Sunderland, mfungaji hodari lakini mwenye miaka 33. Sunderland walitaka pauni 4,000. Norris hakutaka kutoa fedha hiyo kwa mzee. Wakapatana hivi: pauni 2,000 taslimu, na pauni 100 kwa kila bao atakalofunga msimu wa kwanza. Kama hiyo si mali kauli, basi sijui mali kauli ni nini. Buchan akafunga mabao 21, na Sunderland wakapata pauni 4,100. Muuzaji alifaidi, lakini hata mnunuzi hakulia, kwa sababu Arsenal ilimaliza nafasi ya pili.

Mwaka huohuo wa 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu mbele yake, sasa wakatosha wawili. Mabao yakaanza kumiminika. Oktoba 3 Arsenal ikachapwa 7-0 na Newcastle. Buchan alikuwa akishauri kwamba sentahafu arudishwe nyuma asimame kati ya mabeki wawili, azibe njia. Chapman, ambaye ndiye bosi, alikubali ushauri wa mchezaji wake. Mechi iliyofuata walishinda 4-0 ugenini kwa West Ham. Mtindo ule ulienea kote na ndio uliozaa namba tano wa kuzuia tunayemjua.

Lakini kazi hiyo mpya ilitaka mtu wake. Chapman hakwenda kutafuta jina kubwa. Desemba 1926 alimchukua Herbie Roberts kutoka timu ndogo ya Oswestry kwa pauni 200. Roberts hakuwa na mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kusimama, kuruka kichwa na kuondoa mpira, na aliifanya kwa miaka kumi. Mwaka 1927 akamchukua Eddie Hapgood, muuza maziwa kijana aliyecheza Kettering, mwembamba kama unyasi, asiyekula nyama. Wakamlisha mpaka akapata nguvu, na baadaye akawa nahodha wa Uingereza. Siku nyingine alikwenda Watford kumtazama mchezaji mmoja, macho yake yakanasa mwingine: mvulana wa Exeter mwenye miaka 17 aitwaye Cliff Bastin. Bastin akaja kuifungia Arsenal mabao 178, rekodi iliyodumu hadi Ian Wright alipoivunja mwaka 1997.

Palipohitajika fedha, alitoa. Mwaka 1928 alimtaka David Jack wa Bolton. Bolton walitaja pauni 13,000, fedha ambayo haijawahi kusikika. Karani wake, Bob Wall, alisimulia baadaye jinsi walivyofika hotelini mapema na kumpa mhudumu bakshishi. Wageni wa Bolton wamiminiwe pombe mara mbili, na Chapman na karani wake waletewe vinywaji vya rangi ileile visivyo na tone la kilevi. Mazungumzo yalipokwisha wageni walikuwa wamechangamka na bei imeshuka hadi pauni 10,890. Siwashauri mfanye hivyo kwenye soko la mpakani, lakini mjue kwamba anayepatana bei akiwa na akili timamu ndiye anayerudi nyumbani na faida.

Mwaka uliofuata akamleta Alex James kutoka Preston kwa pauni 8,750. James alizoea kufunga, Chapman akamtaka alishe wenzake. Walivutana. Msimu huo Arsenal ilimaliza nafasi ya 14, na wenye midomo walisema mzee ameishiwa. Aprili 1930, mwisho wa msimu wa tano sawasawa na alivyoahidi, Arsenal iliifunga Huddersfield 2-0 na kutwaa Kombe la FA. Bao la kwanza lilikuwa la James. Msimu uliofuata walichukua ubingwa wa ligi kwa mabao 127, na wakaurudia mwaka 1933.

Mpaka nao ulimpa taabu. Mwaka 1930 alimsajili kipa wa Austria, Rudi Hiden. Chama cha wachezaji na wakuu wa ligi wakapinga, na serikali ikamzuia asiingie Uingereza, kwa hoja kwamba kazi hiyo Mwingereza anaiweza. Chapman akatumia kipa Mholanzi, Gerrit Keizer, ambaye hakuwa wa malipo na kwa hiyo hakuhitaji kibali cha kazi. Wenzangu wa Kobero na Kabanga, mnaona kwamba mambo ya vibali hayakuanza na sisi.

Sasa nije kwenye yale yaliyonifanya nimkumbuke. Fainali ya mwaka 1927 Arsenal ilifungwa 1-0 na Cardiff. Kipa wao, Dan Lewis, aliudaka mpira mwepesi, ukamteleza chini ya mkono ukaingia. Yeye ni mtu wa Wales, na Cardiff ni mji wa Wales, kwa hiyo mnaweza kufikiri maneno yaliyosemwa. Kwa uchungu aliitupa medali yake uwanjani, mwenzake akaiokota. Chapman hakumfukuza. Lewis alibaki Arsenal miaka kadhaa baada ya hapo.

Januari 1933, Arsenal ikiwa timu tajiri kuliko zote, ilifungwa 2-0 na Walsall ya daraja la tatu katika Kombe la FA. Beki kijana, Tommy Black, alimchezea mtu rafu ya hasira ndani ya eneo la hatari na kusababisha penalti. Chapman hakumruhusu kurudi Highbury. Katika muda wa wiki moja alikuwa ameuzwa Plymouth.

Nilipokuwa kijana niliona huo ni ukatili usio na mizani. Mmoja kapoteza kombe akabaki, mwingine kapoteza mechi akafukuzwa. Sasa naona alipima vitu viwili tofauti. Mkono wa Lewis ulikosea, moyo wake haukukosea. Hata hivyo sitasema Chapman alikuwa sahihi kila mara. Kumfungia kijana mlango moja kwa moja, bila kumpa nafasi ya kujirekebisha, ni adhabu ambayo yeye mwenyewe aliionja mwaka 1919, na angeweza kuikumbuka.

Mwanzoni mwa mwaka 1934 alikuwa na mafua makali. Aliambiwa apumzike, akakataa, akasafiri kaskazini kutazama wapinzani, kisha akaenda Guildford katika baridi kutazama kikosi cha tatu cha Arsenal, vijana ambao hakuna aliyewajua. Homa ya mapafu ikamkamata, akafariki Januari 6, siku chache kabla ya kutimiza miaka 56. Arsenal ilikuwa inaongoza ligi. Ilichukua ubingwa mwaka huo, na mwaka 1935 tena. Ni mara tatu mfululizo, kama Huddersfield, na mara hii pia yeye hakuwapo kuuona wa tatu.

Orodha yangu niliipeleka Jumamosi jioni. Jina la kipa wetu ni la kwanza, na nimeandika pembeni kwamba anunuliwe glavu mpya kwa fedha za timu. Nimeomba tumtafute kijana mrefu wa kusimama kati ya mabeki, hata kama anatoka timu ya kijijini isiyo na jezi. Nimependekeza namba tisa asimamishwe mechi sita kwa kumpiga mpinzani ngumi, kisha arudishwe. Namba tisa huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Tangu Jumamosi hajaja kula kwangu.