Kardinali Lavigerie: Shamba, Uhuru na Imani



Kila msimu wa mpunga, familia nyingi huhamia kwenye mabonde ya Usukuma kutafuta majaruba, na jumuiya zetu hupata majirani wapya. Tumkumbuke leo Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ambaye naye aliwapa watu ardhi ili watulie.

Alizaliwa Ufaransa, karibu na Bayonne, mwaka 1825. Mwaka 1867 alifanywa Askofu Mkuu wa Algiers, na papo hapo njaa kali ikaikumba Algeria. Aliwapokea yatima zaidi ya elfu moja, wengi wao wa familia za Kiislamu. Walipokua, wale waliobatizwa na kufunga ndoa aliwapa nyumba, shamba na ng'ombe wa kulimia katika bonde la mto Chélif. Ndivyo vilivyoanza vijiji vya Mtakatifu Sipriani na Mtakatifu Monika.

Wakuu wa serikali ya kikoloni walimpinga, wakihofu kwamba msaada huo ungeonekana kuwa njia ya kuwageuza Waislamu dini. Hofu hiyo ilikuwa na uzito, kwa maana mwenye njaa ni vigumu kumkatalia anayemlisha. Lavigerie mwenyewe alikataza yatima kubatizwa pasipo wao kuomba kwa hiari. Hata hivyo, vijiji vile viliwalisha watu wake, lakini Kanisa halikuenea kutoka humo kama alivyotumaini.

Mwaka 1878 aliwatuma wanawe kwenye ziwa letu. Mwaka 1883 walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, wakawatunza humo watoto waliokombolewa utumwani. Kwa wakatekumeni aliweka sharti la miaka minne ya maandalizi, ili imani iote mizizi kabla ya ubatizo. Tangu mwaka 1888 alizunguka Ulaya akipinga biashara ya watumwa. Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892, bila kuliona ziwa hili.

Basi, jirani mgeni akija kutafuta jaruba, tumwoneshe maji yanakopita, tumwazime jembe na mbegu, wala tusimdai kwanza kadi ya jumuiya. Akiomba imani, tumfundishe bila haraka. Jaruba hukauka mvua zikikoma; aliyemfuata Kristo kwa hiari atabaki naye hata hapo.