Ulimi Mzito wa Wakili Gandhi

Sanamu ya Mahatma Gandhi ilizinduliwa jijini Nairobi mwaka wa 1956, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Vizazi vya wanafunzi vimepita mbele yake vikimdhania kuwa mtu aliyezaliwa na kipawa cha kuwahutubia maelfu. La hasha. Mohandas Karamchand Gandhi, aliyezaliwa Porbandar, magharibi mwa India, tarehe 2 Oktoba 1869, alikuwa na haya iliyopindukia. Masomo ya siku yalipokwisha alitoka mbio hadi nyumbani, asije mtu akamsemesha na kumfanyia mzaha.

Mwaka wa 1888, alipokuwa akijiandaa kwenda Uingereza kusomea sheria, wanafunzi wa shule yake ya Rajkot walimwandalia hafla ya kumuaga. Alikuwa ameandika maneno machache ya shukrani, lakini alipoinuka kuyasoma mwili mzima ulimtetemeka. Melini alijifungia chumbani na kula vitamutamu na matunda aliyotoka nayo kwao, kwa kuona aibu kuzungumza Kiingereza na wahudumu.

Huko London alijiunga na Chama cha Wala Mboga, akachaguliwa hata katika kamati yake, ambamo alihudhuria na kunyamaza. Kisha pakazuka mgogoro. Baadhi ya viongozi walitaka daktari Thomas Allinson afukuzwe kwa sababu ya maoni yake kuhusu uzazi wa mpango. Gandhi hakukubaliana na daktari huyo hata kidogo, ila aliona si haki kumwadhibu mtu kwa jambo lisilohusu madhumuni ya chama. Msimamo alikuwa nao. Alichokosa ni sauti. Aliuandika kwenye karatasi, ikabidi mtu mwingine amsomee. Upande wake ulishindwa.

Aliporudi India mwaka wa 1891 alikuwa wakili kamili. Kesi yake ya kwanza, katika mahakama ya madai madogo mjini Bombay, ilikuwa nyepesi na ujira wake ulikuwa rupia 30. Zamu yake ya kumhoji shahidi ilipowadia, alisimama, kichwa kikamzunguka, akaona kana kwamba mahakama nzima inazunguka naye. Hata swali moja halikumjia. Aliketi, akamwambia mwakilishi wa mteja amtafute wakili mwingine, akarudisha ada na kuondoka upesi bila kujua kesi iliamuliwaje. Sheria alikuwa ameisoma na mitihani alikuwa ameipita; jambo hili liwaguse wale wanaodhani kwamba shahada huja pamoja na ujasiri wa jukwaani.

Mwaka wa 1893 aliajiriwa na kampuni ya Dada Abdulla kwenda kuisaidia katika kesi Afrika Kusini. Safari hiyo ndiyo iliyompitisha Lamu, Mombasa na Zanzibar. Alipofika Natal, alitupwa nje ya behewa la daraja la kwanza katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, ilhali tiketi alikuwa nayo. Muda si muda, akiwa Pretoria, aliwaita Wahindi wa mji huo katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akasimama na kuzungumza. Hiyo ndiyo hotuba yake ya kwanza hadharani. Aliwahimiza wawe wakweli katika biashara, wazingatie usafi na waungane kudai haki zao. Safari hii hakuwa akiomba asifiwe wala kutafuta ujira. Waliomsikiliza walikuwa wakidhalilishwa kama yeye. Alijitolea pia kuwafundisha Kiingereza, wakajitokeza watatu: kinyozi, karani na mwenye duka.

Haya haikumtoka mara moja, ingawa masimulizi ya watu mashuhuri hupenda kuliruka jambo hili. Mwaka wa 1896, katika ukumbi mmoja wa Bombay uliofurika watu, sauti ilimfifia tena na hotuba yake ikamaliziwa na wengine. Hata hivyo, tarehe 11 Septemba 1906 mjini Johannesburg, alizungumza mbele ya watu wapatao 3,000 waliokula kiapo cha kutoitii sheria ya kuwasajili Waasia.

Ulimi huo uliofunguka haukutenda haki daima. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliwatetea Wahindi huku akiwataja Waafrika kwa dharau, doa ambalo wasomi wengi wa bara hili hawajalisahau.

Hata alipokuwa kiongozi wa mamilioni hakuwa msemaji wa kunguruma. Sauti yake ilikuwa ya chini na maneno yake machache. Katika tawasifu aliyoanza kuichapisha mwaka wa 1925, aliikiri haya ya ujana wake kuwa ngao, kwani ilimzoeza kulipima neno kabla ya kulitamka. Katika miaka yake ya baadaye, kabla ya kuuawa mjini New Delhi tarehe 30 Januari 1948, Jumatatu ilikuwa siku yake ya kutosema kabisa. Aliyekuwa na haja naye siku hiyo alijibiwa kwa kijikaratasi.