Aniceti Kitereza (1896–1981) na Riwaya ya Mapenzi Yenye Adabu

Riwaya za mapenzi zinazosimulia maisha ya makabaila wa Uingereza katika miaka ya 1811 hadi 1820, mwana wa Mfalme George III alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, zimewavutia wasomaji tangu Jane Austen hadi Georgette Heyer. Aghalabu mvuto huo huelezwa kwa kutaja majumba, mavazi na dansi. Maelezo hayo hayatoshi. Msomaji wa Bariadi, anayejua mahari inayohesabiwa kwa ng'ombe, hutambua kiini chake mara moja: mapenzi yanayolazimika kupita katika mlango mwembamba wa adabu, mali na jamaa. Kiini hicho ndicho kilichotawala maisha na kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya Ghuba ya Speke kutoka Busega, mkoani Simiyu.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Wasilanga, ukoo wa watemi wa Ukerewe. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, akalelewa katika makazi ya Mtemi Mukaka. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, alikojifunza Kilatini na Kijerumani miongoni mwa lugha nyingine. Hakufikia upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao hawakuishi. Katika jamii iliyoipima ndoa kwa uzazi, hilo lilikuwa jaribu kubwa. Hata hivyo Kitereza hakumwacha Anna wala hakuoa mke mwingine.

Riwaya yake, aliyoikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, inaanzia kwenye jeraha hilohilo. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke, na wazazi wa mke wanamrudisha kwao. Myombekere hamtoroshi mkewe. Anakwenda ukweni, ananyenyekea, na kukubali kulipa faini ya pombe ya ndizi. Penzi lake halidhihiriki kwa maneno matamu bali kwa kazi ya kuitafuta na kuiandaa pombe hiyo.

Hapa pana tofauti ya msingi. Austen, kama katika Pride and Prejudice (1813), huifikisha hadithi kwenye harusi na kuishia hapo. Kitereza huanza baada ya harusi. Tena, ingawa alikuwa wa damu ya kitemi, wahusika wake wakuu ni wakulima. Kwa hiyo adabu katika riwaya hii si pambo la tabaka la juu. Ni njia ambayo kwayo mtu wa kawaida huweza kuirejesha ndoa iliyovunjwa na wengine.

Padre Almas Simard aliitafsiri kazi hiyo kwa Kifaransa, lakini tafsiri hiyo haikupata mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig walimhimiza mwandishi aiandike kwa Kiswahili, naye akaitafsiri mwenyewe. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika ilitoka mwaka 2002.

Aliyeandika juu ya mume asiyekata tamaa kwa mkewe aliusubiri mswada wake miaka 35. Anayetaka kueleza mvuto wa riwaya za makabaila hana budi kuanza na uvumilivu wa namna hii, si na mavazi.