Daktari wa Jicho Moja

Siku hizi twasikia kuhusu roboti inayomsaidia daktari kupasua saratani ya umio na ya tumbo. Daktari huketi kando, macho yake mawili yakitazama ndani ya mgonjwa kupitia mtambo, na mikono ya mashine ndiyo hukata. Nilipoelezwa hayo nilimkumbuka hayati Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi yake yote kwa jicho moja.

Alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, miwani ikavunjika na jicho la kulia likaharibika. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuchora ramani za makao ya ndege. Shikeni hilo la ramani, litarudi. Burkitt aliacha uhandisi akasomea udaktari. Alipoomba kazi Afrika Magharibi, serikali ya kikoloni ilimkataa kwa sababu ya lile jicho. Jamani! Lakini mwaka wa 1946 akapelekwa Uganda. Ami yake, Roland, alikuwa amewahi kuwa daktari hapa hapa Nairobi.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona mwingine kama huyo kupitia dirishani. Basi akaanza kupekua faili. Kumbe ni saratani, nayo haikusikia kisu: ukikata inarudi, na mtoto anakufa. Kwa mtu aliyeishi kwa kisu, kukubali hivyo si mchezo.

Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili, Williams na Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda hospitali kwa hospitali hadi Afrika Kusini, maili 10,000 kwa wiki 10, wakiulizia watoto wa aina hiyo. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa ulikaa penye joto na mvua, mle mle mwenye malaria. Sehemu za juu zenye baridi karibu hazikuwa nao.

Mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr walipata virusi ndani ya uvimbe huo. Burkitt naye alijaribu dawa badala ya kisu, na hapa Nairobi Dakta Peter Clifford akafanya vivyo hivyo. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wakarudi nyumbani na shuleni.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966 na kufariki Uingereza mwezi Machi, 1993. Saratani ile ingali yaitwa kwa jina lake.