Frederick Selous: Kapteni aliyelala chini ya mkwaju wa Beho Beho

KATIKA pori la Beho Beho, kaskazini mwa Mto Rufiji, lipo kaburi lisilo na mnara wala nakshi. Ni jiwe la kulala, juu yake kimebandikwa kibao cha shaba chenye maandishi machache: cheo, jina, nishani, kikosi na tarehe ambayo marehemu aliuawa vitani. Tarehe hiyo ni Januari 4, 1917.

Aliyezikwa hapo ni Kapteni Frederick Courteney Selous, Mwingereza ambaye jina lake lilibebwa kwa karibu karne nzima na moja ya mapori ya akiba makubwa kuliko yote barani Afrika. Wengi waliolitaja jina hilo, watalii na wenyeji, hawakujua kwamba ni la mtu, achilia mbali kwamba mtu huyo alikuwa askari aliyeanguka katika ardhi hiyo hiyo akiwa na umri wa miaka 65.

Selous alizaliwa jijini London Desemba 31, 1851, katika familia yenye uwezo. Baba yake alipata kuwa mwenyekiti wa Soko la Hisa la London, na kijana alipelekwa katika shule ya Rugby, moja ya shule zenye jina kubwa nchini Uingereza. Hata hivyo, moyo wake haukuwa katika biashara wala vitabu vya darasani. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto wa shule alikutwa usiku amelala sakafuni bila shuka, na alipoulizwa alieleza kuwa anajizoeza shida atakazokutana nazo Afrika.

Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alishuka melini kusini mwa Afrika. Mwaka uliofuata alifika kwa Mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona kuwa bado mtoto, akamruhusu kwa mzaha. Kijana huyo aligeuka kuwa mmoja wa wawindaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Kwa kuwa mbung'o waliua farasi katika maeneo mengi, alilazimika kuwafuata tembo kwa miguu, akiwategemea wafuatiliaji wa nyayo wa Kiafrika waliomfundisha mengi kuhusu pori.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1881 na kumpa umaarufu nyumbani kwao. Wengi wanaamini kuwa maisha yake yalichangia kumwumba Allan Quatermain, mwindaji wa kubuni katika riwaya za H. Rider Haggard. Mwaka 1893 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu kwa safari na ramani zake. Hiyo ilikuwa heshima yake kubwa ya kwanza, na haikuwa ya vita.

Lakini ramani hizo hazikubaki kuwa elimu tupu. Mwaka 1890, Cecil Rhodes na kampuni yake walipotaka kuitwaa nchi ya Washona, aliyewaongoza njia alikuwa Selous. Msafara wa walowezi na polisi wa kampuni ulipita katika barabara aliyoichagua hadi mahali palipokuja kuitwa Salisbury, ambapo leo ni Harare. Mwaka 1893 alijeruhiwa katika vita vya kumwondoa Lobengula, mfalme yule yule aliyempa ruhusa ya kuwinda. Mwaka 1896 Wandebele na Washona walipoinuka dhidi ya utawala wa kampuni, katika mapambano ambayo Wazimbabwe huyaita Chimurenga ya Kwanza, Selous alipigana tena upande wa kampuni.

Baada ya hapo alirudi Uingereza, akaishi Worplesdon katika jimbo la Surrey pamoja na mkewe, Gladys, na watoto wao wawili wa kiume. Alikusanya mabaki ya wanyama katika jumba la makumbusho alilolijenga nyumbani kwake, akaandika vitabu na kuendelea kusafiri. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, aliyekuwa rafiki yake, aliandika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1908, na mwaka uliofuata wawili hao walisafiri katika meli moja hadi Mombasa, Roosevelt alipokuwa akianza safari yake maarufu ya uwindaji Afrika Mashariki.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, Selous alikuwa na miaka 62. Aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa kwa sababu ya umri. Hakukata tamaa. Mapema mwaka 1915 iliundwa batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, iliyokusanya wawindaji, wachimba dhahabu, wasafiri na watu wa kila aina waliozoea maisha ya porini. Huko umri haukuwa kikwazo kikubwa. Selous alipewa cheo cha luteni na mwezi Mei mwaka huo kikosi kilishuka Mombasa.

Mapigano yake ya kwanza makubwa yalikuwa Bukoba. Mwezi Juni 1915, majeshi ya Uingereza yalivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu na kuushambulia mji huo uliokuwa chini ya Wajerumani, lengo kuu likiwa kuuangusha mnara wa simu ya upepo. Mnara uliangushwa na mji ukatekwa, lakini baada ya ushindi askari waliupora. Katika mwaka huo huo Selous alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mateso. Kikosi kililinda mpaka na reli upande wa Kenya, kisha mwaka 1916 kikashiriki katika mashambulizi makubwa ya Jenerali Jan Smuts kuelekea kusini, ndani ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Malaria, kuhara damu na njaa viliwamaliza askari wengi kuliko risasi. Vijana wenye nusu ya umri wake waliugua na kurudishwa nyuma, huku mzee huyo akiendelea kutembea. Katikati ya mwaka huo naye alirudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji, na wengi walidhani vita yake imekwisha.

Ilikuwa katika kipindi hicho, Septemba 1916, alipotunukiwa Nishani ya Utumishi Uliotukuka, inayofahamika kwa kifupi DSO. Nishani hiyo iliyoanzishwa mwaka 1886 ni msalaba wenye rangi nyeupe na dhahabu, unaoning'inia kwenye utepe mwekundu wenye kingo za buluu. Maelezo ya tuzo yalitaja ushujaa wake, ubunifu na uvumilivu, pamoja na mfano aliouonyesha kwa askari wa vyeo vyote. Kwa lugha nyepesi, jeshi lililomwona kuwa mzee mno sasa lilimtaja kuwa kielelezo.

Mtu mwenye miaka karibu 65, aliyepona upasuaji na kupata nishani, angeweza kubaki nyumbani bila kulaumiwa na yeyote. Selous hakubaki. Alirejea Afrika Mashariki na mwezi Desemba 1916 alikuwa tena na wenzake, ambao idadi yao ilikuwa imepungua mno.

Siku ya kwanza ya mwaka 1917, Smuts alianzisha mashambulizi katika Mto Mgeta, akikusudia kuwazingira Wajerumani kabla hawajavuka Rufiji. Januari 4, batalioni ya 25 ilitumwa kuziba njia karibu na Beho Beho. Walikutana na askari wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma, na mapigano makali yakazuka katika jua kali. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenzake, Selous alikuwa mbele ya kampuni yake akitumia darubini kutafuta walikojificha walenga shabaha wa adui, ndipo risasi ilipompata kichwani. Siku nne zilikuwa zimepita tangu atimize miaka 65.

Alizikwa hapo hapo, chini ya mkwaju. Habari za kifo chake ziligusa hata upande wa pili. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, alimtaja katika kumbukumbu zake alizoziandika baada ya vita, akieleza kuwa mwindaji huyo mzee alijulikana vyema hata miongoni mwa Wajerumani kwa tabia yake ya kuvutia na hadithi zake za kusisimua.

Msiba wa familia haukuishia hapo. Mwanawe mkubwa, Freddie, aliyekuwa rubani wa kijeshi na kutunukiwa Msalaba wa Kijeshi, alikufa akiwa vitani huko Ubelgiji akiwa na miaka 19. Ilikuwa Januari 4, 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake. Gladys Selous alibaki na nishani mbili za vita na tarehe moja ya kuomboleza.

Kumbukumbu za umma zilifuata upesi. Mwaka 1920 sanamu ya shaba ya Selous, akiwa na bunduki mkononi, ilizinduliwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London. Mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza waliochukua Tanganyika baada ya vita, eneo la hifadhi lililozunguka kaburi lake lilipewa jina lake. Hifadhi yenyewe ilikuwa na mizizi ya enzi za Wajerumani, tangu mwaka 1896, na wenyeji waliliita pori hilo Shamba la Bibi, kutokana na simulizi kwamba Mfalme wa Ujerumani alimzawadia mkewe.

Pori la Akiba la Selous liliendelea kupanuliwa hadi kufikia takriban kilomita za mraba 50,000. Upanuzi huo ulikuwa na gharama kwa watu: katika miaka ya 1940 wakazi wa maeneo ya Liwale walihamishwa, sababu iliyotolewa ikiwa ugonjwa wa malale. Mwaka 1982 pori hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tembo waliokadiriwa kuzidi 100,000 katika miaka ya 1970 walibaki takriban 13,000 mwaka 2013 kutokana na ujangili, na mwaka 2014 UNESCO ililiweka pori katika orodha ya urithi ulio hatarini. Jina la mtu aliyejenga sifa yake kwa kuua tembo likawa jina la vita ya kuwaokoa.

Jina hilo lilitumiwa pia mahali pengine, kwa namna ambayo Selous hakuulizwa. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1980, serikali ya walowezi wa Rhodesia iliunda kikosi maalumu kilichoitwa Selous Scouts, kilichopigana na wapigania uhuru wa Zimbabwe na kuogopwa kwa ukatili wake. Kwa Wazimbabwe wengi, jina linalomkumbusha mtalii simba na mbwa mwitu lilikuwa jina la hofu.

Aidha, heshima alizopewa kapteni zinaacha swali kuhusu wale walioanguka pamoja naye. Vitabu vinamtaja mbebaji wake wa bunduki kwa jina moja tu, Ramazani, naye anasimuliwa kuwa aliuawa katika mapigano hayo hayo. Hakuna sanamu yake. DSO ilikuwa nishani ya maofisa, na katika jeshi la kikoloni la wakati huo Mwafrika hakuwa afisa. Nyuma ya Selous na Ramazani walikuwapo wapagazi, waliochukuliwa kwa mamia ya maelfu kubeba risasi na chakula cha majeshi. Makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa njaa na maradhi, wengi wakizikwa kando ya njia bila kibao.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, na nyingine Nairobi na Mombasa, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika. Maandishi yake yanawaheshimu wote kwa pamoja, bila kumtaja hata mmoja kwa jina. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi haikujengwa na serikali yoyote. Ni Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi kwa matamshi ya Kiswahili, ambalo maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku wakienda sokoni. Nairobi nayo ina Kariokor yake.

Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliagiza pori hilo ligawanywe. Sehemu yake ya kaskazini, yenye kilomita za mraba 30,893, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa heshima ya Baba wa Taifa. Sehemu iliyobaki iliendelea kuwa Pori la Akiba la Selous. Kwa mabadiliko hayo, kaburi la Beho Beho likajikuta ndani ya hifadhi yenye jina la mtu aliyeongoza Tanganyika kupata uhuru kutoka kwa Waingereza wale wale ambao kapteni alikufa akiwapigania.

Kaburi halikuguswa. Kibao kingali kinataja nishani, kikosi na tarehe, bila neno juu ya Lobengula, barabara ya Salisbury wala ramani za Rhodes. Nishani ilipima ujasiri wa askari mzee aliyekataa kubaki nyumbani, na katika hilo ilipima kwa haki. Mengine yote ya maisha yake yanabaki kwa historia kuyapima, kama yanavyobaki ya Ramazani na wapagazi waliolala katika udongo huo huo wa Rufiji, pasipo jiwe wala jina.