Nyanjiru, mama aliyewaaibisha wanaume mbele ya bunduki

Ukitoka Kiamaiko kwa Barabara ya Juja kuelekea katikati ya jiji, utapita Pangani, alikoishi Mary Muthoni Nyanjiru, mzaliwa wa Weithaga, Murang'a.

Harry Thuku, aliyepinga kipande na kodi, alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulizingira kituo cha polisi alikozuiliwa. Wajumbe waliotumwa kwa wakuu wa serikali walirudi wakawasihi watu watawanyike, na baadhi wakaanza kuondoka.

Hapo Nyanjiru akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume waichukue wampe suruali zao. Wagikuyu hukiita kitendo hicho guturama. Si utovu wa haya hata kidogo: mwanamke mzima akijifunua makusudi, huwa ametoa tusi lisilo na kifani. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele.

Askari walifyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliotangulia kufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Waafrika walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku alihamishiwa Kismayu.

Machi 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walijivua nguo vivyo hivyo mbele ya polisi, katika bustani ya Uhuru.