Phineas Gage: kidonda kilipona, tabia ikageuka

Motari akianguka na kuumia kichwa huko Butembo ao Beni, jamaa hushukuru Mungu kidonda kikipona. Maisha ya Mmarekani Phineas Gage yanaonyesha kwamba mambo hayaishi pale.

Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont, Gage alikuwa kapita wa wajenzi wa reli, mwenye miaka 25. Baruti ililipuka ghafla. Chuma cha zaidi ya mita 1 kiliingia chini ya shavu lake la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Alipoteza jicho moja, lakini aliishi.

Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu huyo mwenye akili ya kazi sasa alitukana ovyo na kuacha kila mpango njiani. Wakubwa wake walikataa kumrudishia cheo. Hata hivyo, baadaye aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa. Alikufa San Francisco mwaka 1860, baada ya kushikwa na kifafa.

Sehemu ya mbele ya ubongo husaidia mtu kujizuia. Kijana akibadilika baada ya ajali, familia isikimbilie kusema amelogwa ao ana kiburi: imurudishe kwa munganga.